Jina la Nahodha

Hatim na Binti, Wachapaji
Arusha mjini
11 Machi 2024

Kaka Simel,

Salaam. Pole tena kwa msiba wa mdogo wako. Siku mliyozika nilikuwa Dar es Salaam kwa mambo ya vitabu, ikabidi nimtume mhariri wetu Ebenezer alete rambirambi. Aliniambia watu walijaa mpaka nje ya kanisa, na kwamba msalabani mmeandika Angel. Jina zuri. Mungu amlaze mahali pema.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani, na najua kosa ni letu. Sisi ndio tuliochapa namba yako nyuma ya kitabu cha tano, wasomaji wakakupigia mpaka ukaitupa laini. Basi Nice wa maziwa, ambaye kila asubuhi anashuka kutoka huko kwenu Olmotonyi na kupita mlangoni kwetu, ndiye atakuwa posta yetu. Amekubali kwa sharti kwamba nisimpunguzie oda ya maziwa.

Sasa habari njema, maana msiba una siku zake na kazi ina siku zake. Silantoi anauza kuliko mwaka jana. Redio wameanza kuusoma "Mlima Unaopumua" kila siku saa kumi jioni. Mabegi ya shule yenye picha ya Silantoi kasimama juu ya kreta yameisha dukani, tumeagiza mengine. Nesi mmoja wa wodi ya wazazi ameniambia mwezi uliopita wameandikisha watoto watatu wa jina la Silantoi. Marehemu baba alianza duka hili kwa kuchapa kadi za harusi na daftari za risiti. Angesikia kwamba tunaishi kwa hadithi ya msichana anayeamsha mlima kwa sababu mlima ni chombo cha angani kilichotua zamani na watu wake wamelala ndani, angenipeleka kwa daktari.

Nakuomba kitabu cha tisa mwezi wa tano. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na wasomaji hawa nao ni wana, watahamia kwa mwingine. Mkataba wetu unaishia hapo, lakini mimi naona Silantoi anafika kitabu cha ishirini bila kuchoka. Uzuri wake ni kwamba hazeeki.

Nakutakia nguvu,
Shaista Hatim


Nduruma
20 Machi 2024

Simel,

Mama yuko kwangu tangu Jumapili. Alikuaga kwamba anakuja kupumzika na kuniona. Hakukuambia ukweli. Amekimbia.

Anasema watoto wa shule wanakuja getini hapo Olmotonyi kuuliza kama ndipo anapoishi nahodha wa mlima, halafu wanaita jina. Wewe unakuwa chumbani unaandika, husikii. Yeye anasikia. Unajua kwetu. Aliyeondoka bila kuacha mtoto, jina lake limezikwa naye, na kulitaja mbele ya mama yake ni kumfukua. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya zamani. Mchungaji hakumzaa.

Kanisani aliitwa Angel, shuleni Angel, kazini Angel, msalabani Angel. Lile lingine lilikuwa la nyumbani, la watu wanne tu. Wewe ndiye uliyelitoa nje.

Nilidhani huku kwangu kutakuwa kimya. Jana saa kumi jirani alifungua redio. Mama, yeyo wetu, alikuwa anachambua maharage uani. Lilipotajwa mara ya kwanza aliacha kuchambua. Mara ya pili aliingia ndani, akajifunika shuka mpaka kichwani, mchana kweupe. Nilikwenda kumwomba jirani apunguze sauti, akaniambia, "Mama Eunike, hata wewe ungekaa usikilize, ni hadithi tamu." Nilirudi nikafunga madirisha.

Sikugombezi. Mambo ya vitabu siyajui. Nakuuliza tu, litakoma lini?

Dada yako,
Soila


Olmotonyi
24 Machi 2024

Dada Soila,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili, halafu nikaenda kufunga geti. Kazi bure, kelele haingii kwa mlango.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hukuwahi kuniuliza. Mdogo wetu alikuwa na miaka kumi na miwili nilipomwomba jina. Alikubali kwa sharti moja, kwamba humo kitabuni asitumwe maji hata siku moja. Ndiyo maana ndani ya chombo maji yanatoka ukutani. Vitabu vilipoanza kusomwa, waandishi wa habari waliuliza jina limetoka wapi nikasema nimelibuni. Nilitaka wasimfuate hospitali alikokuwa anafanya kazi. Hata Dada Shaista anaamini hivyo mpaka leo.

Nilipomsomea kitabu cha nne aliniambia, "Kaka, hadithi imeisha. Sasa niache nitoke huko mlimani." Nilicheka. Kitabu hicho cha nne ndicho kilichotuinua, na mara kila mtu akawa anataka cha tano. Nikamrudisha mlimani, nikamrudisha tena, mara nne nzima. Paa la mama ni kitabu cha tano. Dawa za figo za mdogo wetu mwenyewe ni cha saba na cha nane. Sivionei aibu vitabu hivyo, ila ni virefu. Nilikuwa na hadithi, nikabaki na kiwanda. Nikikaa kuandika kitu kingine, ukurasa wa pili najiuliza wasomaji watakipenda, ukurasa wa tatu nafunga.

Nina deni la kitabu kimoja kwa mkataba. Nitakiandika, na nitaumaliza mlima humo humo. Sitamtaja. Nitasema nahodha, nitasema yule binti. Kiswahili kina nafasi ya kutosha ya kumzunguka mtu.

Utauliza kwa nini nisimweleze Shaista. Naona haya, kwanza, kwa uongo wa miaka kumi. Pili, nikimwambia atalia kweli, halafu ataliweka kwenye tangazo. Hana ubaya. Ndivyo anavyovipenda vitu.

Mwambie mama nitakuja Jumamosi.

Mdogo wako,
Simel


Olmotonyi
2 Mei 2024

Dada Shaista,

Salaam. Nice anakuletea mswada ndani ya mfuko wa unga, usishangae, mvua ni kubwa huku. Kompyuta yangu iko salama na faili nimempa Ebenezer kwenye kile kidude chake.

Ni kitabu cha tisa na ni cha mwisho. Nahodha hayupo tena kati ya walio hai. Waliobaki wanakirusha chombo bila yeye, na mlima unabaki mlima. Nimefanya kwa makusudi, sijachoka wala sijaugua.

Nina ombi moja. Kisiguswe hata neno. Makosa ya herufi rekebisheni. Maneno niliyoyatumia, na yale ambayo sikuyatumia, yaacheni yalivyo.

Wako,
Simel Lukumay


Hatim na Binti, Wachapaji
Arusha mjini
30 Mei 2024

Kaka Simel,

Nimekisoma kwa siku mbili, sikupokea simu. Ni kizuri kuliko vyote tangu cha nne. Nililia pale wanapouacha mkeka wake umetandikwa. Nimekuchukia pia, maana umeniulia mkate wangu, lakini hayo tutayazungumza. Watu wa mlimani wanaweza kufufuka, wewe mwenyewe uliwafufua wawili kwenye kitabu cha sita.

Ombi lako la kutoguswa neno nimelielewa, kila mwandishi analileta, na mimi kila mwandishi namjibu sawa baba. Hata hivyo kulikuwa na jambo la ajabu. Kitabu kizima hukumtaja Silantoi hata mara moja! "Yule binti, yule binti," kama mtu anayemdai. Ebenezer alidhani umeandika ukiwa na huzuni ya msiba, ukasahau. Amekaa kwenye kompyuta akarekebisha mahali mia tatu na kumi na mbili, saa moja tu kazi imekwisha. Sasa kinasomeka vizuri. Wauzaji nao wamechagua jina la kitabu, "Kurudi kwa Silantoi". Najua harudi. Wasomaji watajua baada ya kununua.

Mashine imeanza Jumatatu. Kama kulikwepa jina ilikuwa njia yako ya kusema unataka tuzungumze upya haki ya matumizi yake kwenye mabegi na kadhalika, ungesema tu, ndugu yangu. Mimi na wewe hatuzungukani. Biashara haigombi.

Shaista


Olmotonyi
3 Juni 2024

Dada Shaista,

Simamisha mashine. Rudisheni "yule binti" kila mahali. Kitabu kisiwe na jina hilo ndani wala nje.

Sidai chochote. Siwezi kukueleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ndiyo hilo neno.

Simel


Hatim na Binti, Wachapaji
Arusha mjini
7 Juni 2024

Kaka Simel,

Nimekuheshimu miaka kumi na naendelea kukuheshimu, lakini barua yako ilikuwa ya amri na mimi si mfanyakazi wako. Vitabu vimeshachapwa vyote na nusu vimeshabanwa na kutiwa majalada. Hapa kuna watu kumi na mmoja ambao watoto wao wanasoma kwa ajili ya Silantoi. Siwezi kutupa kazi ya wiki mbili kwa sababu ambayo mwenyewe unasema haielezeki.

Halafu nina maudhi yangu. Ebenezer, kwa bidii zake, alipomaliza kubadilisha "yule binti" aliiamuru kompyuta ibadilishe na kila "binti" aliyebaki, bila kukumbuka kwamba na sisi tumo. Nimefungua ukurasa wa kwanza wa kitabu nimekuta kimechapwa na Hatim na Silantoi. Baba alipoongeza hilo neno "Binti" kwenye kibao cha duka, wajomba zangu hawakumsemesha mwezi mzima. Nimelitetea tangu nina miaka kumi na tisa, na sasa limefutwa na kompyuta dakika ile ile iliyokuwa inafuta ya kwako.

Ebenezer ameomba radhi mpaka nimechoka. Tunabandika kikaratasi juu ya kosa, kitabu baada ya kitabu, kwa gundi. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyomaliza mambo. Wiki ya tatu ya Juni vinakwenda dukani.

Shaista Hatim


Nduruma
12 Juni 2024

Kwa Dada Shaista Hatim,

Salaam. Hunijui. Mimi ni dada mkubwa wa Simel. Yeye hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanuna. Kuandika sikuzoea, unisamehe.

Yule Angel mliyetuletea rambirambi zake mwezi wa kwanza alikuwa na jina lingine la nyumbani. Ndilo hilo mnaloliandika kwenye mabegi. Simel hakulibuni. Alilichukua kwa mdogo wetu, akiwa mtoto, kwa ruhusa yake. Sasa hayupo, na hakuacha mtoto, na kwetu jina la namna hiyo halitajwi tena mbele ya mama aliyemzaa. Ndiyo maana Simel hawezi kukuandikia sababu. Hata mimi hapa siliandiki, na unaona ninavyohangaika.

Mama amelikimbia kutoka Olmotonyi likamfuata kwangu. Redio inalo. Mtoto wa jirani analo mgongoni kila asubuhi. Nimemzuia mama asiende sokoni.

Sikuombi kitu. Simel amekula jasho lenu na nyinyi mmekula lake, hilo ni lenu. Nimeona tu si haki ukasirike bila kujua unamkasirikia nani.

Soila


Hatim na Binti, Wachapaji
Arusha mjini
19 Juni 2024

Kaka Simel,

Dada yako ameniandikia. Usimnunie.

Nimesoma barua yake nikiwa nimesimama kaunta, nikaisoma tena nimekaa. Halafu nilichukua barua zangu kwako, nakala ninazozihifadhi, nikazipitia kwa kalamu nyekundu. Mara nne kwenye ile ya kwanza peke yake. Nilikuwa nakupa pole na kukupiga kibao kwenye karatasi moja. Uliniambia lile jina umelibuni, na hilo nakulaumu kidogo. Mengine najilaumu mwenyewe, kwa sababu uliniomba kwa Kiswahili cha wazi kwamba neno lisiguswe, na mimi nikasikia biashara. Siku hizi hata mtu akikohoa mbele yangu nasikia biashara.

Nikueleze yaliyofanyika na yasiyowezekana. Vitabu vyote, vilivyobanwa na visivyobanwa, tumevipeleka kukatwa vipande vipande. Nilisimama pale mpaka cha mwisho. Ebenezer naye alikuwepo, hakuna aliyemlazimisha. Mabegi sitatengeneza mengine, lakini yaliyo migongoni siwezi kuyavua. Redio nimewaomba waache, wamekataa, wana matangazo waliyokwisha kulipwa mpaka mwisho wa Julai. Vitabu vinane vya mwanzo viko mashuleni na majumbani na sina mkono wa kuvifikia. Jina nililisajili kuwa mali ya kampuni. Nitalifuta, mwanasheria anasema itachukua muda, na hata likifutwa kwenye karatasi halifutiki midomoni. Sikufichi.

Kitabu cha kumi hakitakuwepo. Kazi ya watu wangu kumi na mmoja nitaitafuta, kadi za harusi hazijaisha duniani.

Cha tisa nitakichapa upya kama ulivyokiandika. Ila wasomaji watauliza, Kaka Simel. Wamekaa naye miaka kumi, wengine wamejifunzia kusoma kwake. Ukikaa kimya watajaza wenyewe, na watajaza kwa kelele. Waandikie ukurasa mmoja wa mwanzo. Sema unachoweza. Mimi sitaugusa.

Dada yako,
Shaista


Olmotonyi
25 Juni 2024

Dada Shaista,

Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo, nimelitafuta.

Ukurasa ndio huu. Jina la kitabu liwe "Chombo Kinaondoka".

"Msomaji, nahodha amefariki kati ya kitabu cha nane na hiki. Kwetu, aliyefariki bila kuacha mtoto hatajwi jina, asije mama yake akasikia. Wewe uliyesoma vitabu vinane unalijua jina lake. Ulilijua akiwa hai, na hilo hakuna atakayekunyang'anya. Sasa umefiwa, kama sisi. Usilitamke."

Simel


Nduruma
14 Septemba 2024

Simel,

Marahaba. Eunike wangu amenisomea kitabu chote, jioni baada ya jioni, yeyo akiwa kitandani kageukia ukuta. Nilidhani amelala. Siku ya tatu Eunike aliruka mstari, yeyo akasema, "Rudia hapo." Kwa hiyo jua kwamba amekisikia.

Redio ilikoma mwezi wa saba kama walivyosema. Mabegi bado yapo, lakini watoto wengi wamebandika plasta juu ya maandishi, nilidhani ni mtindo.

Nakuandikia kwa ajili ya jambo la jana. Watoto wa shule walikuwa wanacheza nje ya ua, kama sita hivi, mchezo wao ule wa chombo. Wa Kimeru, wa Kichaga, na yule wa fundi aliyehamia kutoka Singida, wa kwetu hayumo. Hakuna hata mmoja anayejua hapa anaishi nani. Mama alikuwa ametoka kuota jua, amekaa nyuma ya michongoma, hawamwoni. Mmoja akaanza kuita kama walivyozoea, akafika nusu ya jina. Nilitupa ufagio nikakimbia.

Sikufika. Mwenzake alimziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamwambia kwa sauti ya chini, nimeisikia vizuri, "Nyamaza! Mama yake atasikia." Wote wakanyamaza. Halafu mmoja akasema, "Haya, tuendelee, nahodha hayupo," wakaendelea.

Yeyo hakulia. Alikaa anawatazama kupitia kwenye matawi mpaka walipoondoka. Kisha akaniita.

"Soila," akasema, "hao watoto ni wa ukoo gani?"



Dada yako,
Soila